Olympus au Pindus: uchague milima ipi ukiwa na wiki moja Ugiriki?

Mtu mwenye siku tano au sita za kutembea kwa miguu katika milima ya Ugiriki, ambaye hataki kuzimaliza siku hizo ndani ya gari, hana budi kuchagua kati ya sehemu mbili. Ya kwanza ni Olympus, mlima mrefu kuliko yote nchini humo, uliosimama karibu na bahari ya Aegean. Ya pili ni safu ya Pindus, inayoshuka kutoka mpaka wa Albania kuelekea kusini na kuigawa Ugiriki bara sehemu mbili. Kwa kuwa safu hiyo ni ndefu mno kuimaliza kwa likizo moja, hapa nitashughulika na kipande chake mashuhuri zaidi, yaani mlima Tymfi, vijiji vya Zagori vilivyouzunguka, na korongo la Vikos linalopasua miamba yake. Kutoka Litochoro, mji ulio chini ya Olympus, hadi Ioannina, mji ulio lango la Zagori, ni safari ya gari ya karibu saa tatu. Kwa hiyo inawezekana kuvitembelea vyote viwili, lakini mwenye wiki moja tu atakuwa ameonja kila kimoja bila kushiba.

Tofauti kubwa ni kile ambacho milima yenyewe inamdai mgeni. Olympus unadai upandwe: njia zake kuu zote zinaelekea juu, na vibanda vya kulala vimejengwa kwa kumfikiria mtu anayekwenda kileleni kesho yake alfajiri. Zagori haina kilele kimoja kinachomwita kila mtu. Ina njia za mawe zinazounganisha kijiji na kijiji, korongo la kushukia, ziwa la kupandia, na madaraja ambayo peke yake yanatosha kumchukulia mtu siku nzima. Anayerudi kutoka Olympus huulizwa kama alifika. Anayerudi kutoka Zagori huulizwa alipita wapi.

Tuanze na Olympus. Kwa msomaji aliyezoea kusikia mita 5,895 za Kilimanjaro, mita 2,917 za Mytikas, kilele cha juu kabisa cha Olympus, huonekana kama kilima tu. Dharau hiyo ni ya hatari. Kilimanjaro kwa njia ya Marangu ni safari ndefu ya kutembea, na adui wake mkubwa ni hewa nyepesi. Kwenye Olympus hewa haisumbui, lakini kipande cha mwisho ni mwamba wa kukwea kwa mikono na miguu, na upande mmoja wake ardhi inakatika ghafla na kutumbukia kwenye shimo kubwa ambalo Wagiriki huliita Megala Kazania, yaani Masufuria Makubwa. Tena Kilimanjaro hakuna anayepanda bila kiongozi, ilhali Olympus kila mtu hujipandia kwa akili yake. Uhuru huo unapendeza, ila maana yake ni kwamba hakuna atakayekuambia urudi.

Mlima huu pia unashangaza kwa jinsi unavyoinuka kutoka karibu usawa wa bahari. Litochoro iko mita 300 hivi juu ya bahari, na ufuo hauko mbali, kiasi kwamba mtu anaweza kuwa kwenye mawe ya kileleni asubuhi na kuogelea jioni ya siku hiyohiyo, ikiwa magoti yatamruhusu. Kati ya ufuo na kilele mimea hubadilika kwa matabaka: kwanza vichaka vigumu vya pwani, kisha misonobari myeusi na miti inayopukutisha majani, na juu kabisa msonobari wa aina ya pekee ambao Wagiriki huuita robolo, wenye shina lililopindapinda kwa upepo na, mara nyingi, ubavu mmoja uliokaushwa na radi. Zaidi ya aina 1,700 za mimea zimeorodheshwa hapa. Mmoja wao unastahili kusimama na kutazamwa na msomaji wa Afrika Mashariki. Unaitwa Jankaea, una majani yenye manyoya meupe na maua ya rangi ya zambarau hafifu, huota kwenye nyufa za miamba yenye kivuli, na haupatikani kiasili popote pengine duniani. Ni wa ukoo mmoja na lile ua la Usambara ambalo Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire alilikusanya Tanga mwaka 1892 na ambalo leo hupandwa kwenye vyungu madirishani dunia nzima. Jamaa hao wa Ulaya ni masalia ya zama ambazo bara hilo lilikuwa na joto zaidi. Zagori nako kuna jamaa mwingine wa ukoo huohuo, Ramonda, anayeota kwenye miamba ya Vikos. Kwa hili, basi, hakuna upande unaoshinda.

Njia ya kawaida ya Olympus ni ya siku mbili. Gari linaishia Prionia, mita 1,100 hivi, kilomita 18 kutoka Litochoro. Kutoka hapo unapanda ndani ya msitu kwa saa mbili na nusu hadi tatu, ukifika kwenye kibanda cha Spilios Agapitos kilicho mita 2,100. Njiani utasikia kengele kabla hujaona kitu. Kaa upande wa ndani wa njia, wala si ukingoni, kwa maana wanaokuja ni baghala, wale wanyama wanaozaliwa na punda dume na farasi jike, waliobebeshwa mitungi ya gesi, magunia na makreti ya vinywaji. Mizigo ya kibandani hupanda kwa miguu yao. Asubuhi yake unapanda tena kwa muda wa saa mbili na nusu hivi kwenye changarawe na mawe matupu hadi mgongo wa Skala, na hapo ndipo uamuzi wenyewe unapofanyika.

Kulia kuna Mytikas, kupitia kipande kiitwacho Kakoskala, ambacho maana yake ni Ngazi Mbaya. Huanza kwa kushuka, jambo ambalo huwavunja watu moyo, kisha kukwea kwenye mwamba ambao una alama za rangi lakini pia una mawe yaliyolegea. Kofia ngumu ni ya lazima, kwa sababu hatari kubwa huwa ni jiwe lililoporomoshwa na mtu aliye juu yako. Kushoto kuna Skolio, kilele cha pili, ambacho hakipungukiwi na Mytikas hata kwa mita 10, na hufikiwa kwa kutembea tu. Kwa maoni yangu, asiyezoea kukwea miamba aende Skolio bila aibu yoyote. Kutoka huko ndiko unakoiona Mytikas yenyewe pamoja na jirani yake Stefani, lile bamba la mwamba ambalo watu hulifananisha na kiti cha enzi cha Zeus, mungu mkuu wa Wagiriki wa kale, na unaona Masufuria Makubwa chini ya miguu yako. Aliye juu ya Mytikas huona vyote isipokuwa Mytikas.

Hata waliotangulia walidanganywa na vilele hivi. Tarehe 2 Agosti 1913, Christos Kakalos, mwindaji wa Litochoro, aliwapandisha Waswisi wawili, mpiga picha Frédéric Boissonnas na mwandishi Daniel Baud-Bovy. Walifika kwenye kilele kimoja ndani ya ukungu, wakadhani wamemaliza kazi. Ukungu ulipofunguka wakaona kilele kingine mbele yao kikiwa juu zaidi, ikabidi waanze upya. Hapo eneo hilo lilikuwa na mwaka mmoja tu tangu litoke mikononi mwa dola ya Osmani, na mwaka 1911 mhandisi Mjerumani, Edward Richter, alikuwa ametekwa na majambazi kwenye mlima huohuo. Mwaka 1938 Olympus ukawa hifadhi ya taifa ya kwanza ya Ugiriki.

Asiyetaka kupanda kabisa ana korongo la Enipeas, ambalo njia yake inaanzia ukingoni mwa Litochoro na kufika Prionia baada ya kilomita 10 au 11, ikivuka mto mara kadhaa. Karibu na mwisho wake kuna magofu ya monasteri ya Mtakatifu Dionysios, iliyoanzishwa karne ya 16 na kulipuliwa na jeshi la Ujerumani mwaka 1943. Ni matembezi mazuri kwa siku ambayo kilele kimefunikwa na mawingu. Hata hivyo, ikiwa korongo ndilo hasa unalolitaka, umefika upande usio wake.

Korongo la kweli liko Zagori. Vikos limo kwenye kitabu cha rekodi cha Guinness kuwa ndilo lenye kina kirefu zaidi duniani likilinganishwa na upana wake, kwa kipimo cha mita 900 za kina dhidi ya mita 1,100 kati ya kingo zake. Kipimo hicho ni cha sehemu moja tu, na wenye makorongo makubwa zaidi kwingineko wanaweza kubisha, lakini mabishano hayo huisha ukisimama Beloi, kibaraza cha mawe kilicho ukingoni upande wa kijiji cha Vradeto. Utaona ukuta wa chokaa wa kijivu na rangi ya chungwa ukianguka wima, miti ikiwa imeshika mahali ambapo hata mbuzi asingethubutu, na ndege wakubwa wakipaa chini yako, migongo yao ikionekana badala ya matumbo. Kufika Beloi ni mwendo mfupi usio na mteremko mkali kutoka kijijini. Kwa mzee, kwa mtoto, au kwa mtu mwenye goti bovu, hapa Zagori inaipita Olympus kwa mbali, maana thawabu kubwa zaidi haimlazimishi mtu kutoa jasho kubwa zaidi.

Mwenye nguvu atashuka. Njia inaanzia kijiji cha Monodendri, inateremka hadi chini ya korongo kwa muda wa dakika 45 hivi, kisha inafuata mto ambao wakati wa kiangazi huwa ni mawe meupe makavu tu, yenye ukubwa wa gari dogo. Ni kilomita kama 12, lakini usizihesabu kama kilomita za barabarani. Saa tano hadi saba ni makadirio ya mtu mzima asiyekimbia. Mwishoni kuna kituko cha kupendeza: baada ya kutembea nusu siku kando ya mto usio na maji, ghafla maji yanabubujika kutoka chini ya mwamba, ya buluu na baridi kiasi cha kuumiza vidole. Hizo ndizo chemchemi za mto Voidomatis. Kutoka hapo unapanda hadi kijiji cha Vikos, au unavuka kuelekea kijiji cha Papingo ikiwa bado una saa mbili za mwanga. Panga mapema na mtu wa teksi, kwa kuwa barabara ya kurudi Monodendri inazunguka mbali sana.

Safari ya pili ya Zagori ni ile ya Ziwa la Joka, Drakolimni, lililo mita 2,050 juu ya bahari. Unaanzia Mikro Papingo chini ya minara mikubwa ya mawe, unapanda kwa muda wa saa tatu kupitia chemchemi zilizojengewa mabomba hadi kibanda cha Astraka kwenye mita 1,950, unashuka bondeni, kisha unapanda tena kidogo. Masimulizi ya huko yanasema joka la ziwa hili lilikuwa na ugomvi na mwenzake wa ziwa lingine lililo kwenye mlima Smolikas, wakirushiana mawe na miti. Ukikaa kimya ukingoni dakika chache, utawaona majoka wenyewe: salamanda wadogo wenye urefu wa kidole, mgongo mweusi na tumbo la rangi ya chungwa iliyokolea, wakielea bila haraka kwenye maji ya kina kifupi. Usiwashike, wala usioge ziwani, kwani mafuta ya kujipaka yanayotoka mwilini hayana pa kwenda katika maji yaliyofungiwa namna hiyo. Smolikas wenyewe, wenye mita 2,637, ndio mlima wa pili kwa urefu Ugiriki, na ni wa mtu anayetaka milima isiyo na watu.

Jambo ambalo Olympus haina kabisa ni vijiji. Zagori, jina la asili ya Kislavoni lenye maana ya nyuma ya mlima, ni vijiji 46, na mwaka 2023 UNESCO iliyaingiza mandhari yake katika orodha ya urithi wa dunia. Nyumba, kuta na hata vigae vya paa ni vya mawe yaleyale unayoyakanyaga. Fedha za ujenzi zilitoka kwa wafanyabiashara wa Zagori waliokwenda Constantinople, Romania na Urusi wakati wa Waosmani na kurudisha mapato nyumbani. Karibu na kijiji cha Kipoi kuna daraja la Kokkoros la mwaka 1750, upinde mmoja uliobanwa kati ya miamba miwili, na mwendo mfupi kutoka hapo kuna daraja la Plakidas la mwaka 1814, lenye matao matatu, ambalo kwa mbali mgongo wake unapanda na kushuka kama kiwavi anayetembea. Zichunguze pia njia zenyewe, zinazoitwa kalderimi: kila baada ya hatua chache jiwe limesimamishwa kwa ubavu ili kwato za baghala zisiteleze. Mpangilio huo unamfaa baghala kuliko mwanadamu. Ngazi za Vradeto, zinazopanda jabali kwa kona baada ya kona, utazikumbuka zaidi magotini.

Juu ya vijiji kadhaa kuna misitu ambayo kanisa lilikataza kukatwa, na aliyekata alitishiwa kutengwa na waumini. Wenyeji walijua walichokuwa wakikilinda, maana miti hiyo ndiyo inayozuia mawe na udongo kuporomokea nyumba zao. Mtu wa pwani ya Kenya aliyeingia kwenye kaya, ile misitu mitakatifu ya Wamijikenda, hatahitaji kuelezwa zaidi.

Kuhusu majira, vilele vya Olympus huwa na theluji hadi mwishoni mwa Mei na mara nyingi hadi ndani ya Juni, na vibanda vikuu hufunguliwa takriban kati ya Mei na Oktoba. Julai na Agosti ndipo njia zinapokuwa wazi, lakini pia ndipo vitanda vinapojaa, hivyo kibanda cha Spilios Agapitos kihifadhiwe mapema. Zagori ina msimu mrefu zaidi. Mei na Juni korongo ni kijani na mto una maji. Oktoba majani yanageuka rangi. Agosti ndani ya Vikos joto hukwama kama ndani ya tanuri, na wakati wa baridi vijiji vinaendelea kupokea wageni wakati njia za juu zimefungwa na theluji. Anayesafiri Aprili au Novemba hana sababu ya kujiuliza mara mbili: aende Zagori, abaki chini.

Hatari nazo hazifanani. Kwenye Olympus mawingu hupanda kutoka baharini na hujikusanya baada ya adhuhuri, na radi za kiangazi ni za kweli, si za Zeus wa hadithi. Uwe umeshaondoka kwenye mgongo wa mlima kabla ya saa sita mchana. Kwenye Pindus watu huogopa dubu, ambao kweli wapo lakini humkwepa mwanadamu, ilhali wanaostahili kuogopwa ni mbwa wa wachungaji. Ni wakubwa, wamefunzwa kulinda kondoo dhidi ya mbwa mwitu, na hawakutofautishi wewe na mwizi. Ukiwaona, zunguka mbali na kundi. Wakikufikia, simama, usikimbie, na mwite mchungaji kwa sauti. Beba maji ya kutosha pande zote mbili, kwani milima hii ni ya chokaa na maji ya mvua huzama chini mara tu inaponyesha. Tymfi ina shimo moja, Provatina, linaloshuka wima zaidi ya mita 400. Namba ya dharura ni 112 kote.

Usafiri unaupa Olympus ushindi wa wazi. Ukitua Thessaloniki, treni au basi litakufikisha Katerini, basi jingine Litochoro, na teksi Prionia. Huhitaji gari wala leseni. Zagori inafikiwa kupitia Ioannina, penye uwanja wa ndege na mabasi ya kutoka Athens na Thessaloniki, lakini mabasi ya kwenda vijijini ni machache na ratiba zake hazikutengenezwa kwa ajili ya watalii. Bila gari la kukodi utajikuta umefungwa kwenye kijiji kimoja, jambo ambalo si baya ikiwa kijiji hicho ni Papingo, lakini madaraja hutayaona. Malazi pia yanakwenda na hali hiyo. Olympus utalala chumba kimoja na wageni, umeshiba supu ya maharage na chai ya majani ya mlimani, na taa itazimwa mapema. Zagori utalala nyumba ya mawe yenye shuka safi na asubuhi ule alevropita, pai nyembamba ya unga na jibini, kwa gharama kubwa zaidi.

Nikilazimishwa kuchagua kwa niaba ya mtu nisiyemjua, ningempeleka Zagori, kwa sababu siku moja ya mvua huko hupoteza matembezi ya siku moja, ilhali Olympus siku hiyohiyo inaweza kupoteza safari nzima. Kwa kijana aliye peke yake, asiye na gari, mwenye siku tatu na hamu ya kilele, ningesema Olympus bila kusita. Na atakayeng'ang'ania vyote aanzie Zagori, miguu izoee mawe na mabega yazoee mzigo, kisha amalizie Litochoro akiwa na siku mbili za akiba za kusubiri anga lifunguke, kwa kuwa kutoka hapo kurudi Thessaloniki kupanda ndege si mbali.